Naomba ushauri: nimepewa kituo cha afya huku Chamwino, watumishi wamegawanyika

Mfawidhi Mpya
Wakuu habari za jioni. Mimi mganga mfawidhi, huu ni mwezi wangu wa tano tangu nifike kwenye kituo kimoja vijijini wilaya ya Chamwino, watumishi tuko 19. Kuna waliokaa hapa miaka kumi na kitu na kuna vijana wa ajira mpya, na hawa na wale hawaongei, yani zamu wanakabidhiana kwa daftari, mtu anaacha daftari mezani anasepa hata mwenzie hajafika.

Kilichonifanya niandike ni friji la chanjo. Joto linasomwa asubuhi na jioni, linatakiwa libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Jumapili iliyopita nakuta ile karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji haijajazwa kitu tangu Ijumaa mchana, nafungua inasoma 13. Nesi wa zamu anasema funguo anayo fulani, fulani anasema hakuna aliyemwambia umeme umekatika. Wote wachapakazi nawajua, ila hakuna aliyempigia mwenzie simu. Chanjo nimezitenga, mratibu wa wilaya nimempa taarifa, Jumatatu kina mama waliotembea toka vitongoji vya mbali wakarudi na watoto mgongoni bila chanjo. Iliniuma sana.

Nilishawapeleka mnada wa Msalato Jumamosi moja tule nyama, nikajua watazoeana, wakakaa meza mbili. Nifanyeje?

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Rosta anapanga nani? Nimekaa wodini miaka 31, ugomvi wa wauguzi ukiufuatilia mara nyingi unaukuta kwenye rosta. Angalia nani analala Krismasi, nani Idi, nani hajawahi kugusa usiku wa wikiendi. Na wewe jipange usiku, ukeshe nao kabisa, uamshwe saa nane kuna mama ana uchungu.

Kijana wa Nkuhungu
Anza na hela mkuu. Posho za kuitwa usiku zinalipwaje? Kwetu bosi alianza kubandika ubaoni kila mwezi kilichoingia na kilichotoka, minong'ono ikapungua sana.

Mbukwenyi
Mi naona tofauti. Waandikie barua wote wawili, na kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, friji liwe jukumu la mtu anayejulikana. Watoto wamekosa chanjo hapo, sio jambo la kubembelezana.

Mwalimu wa Kongwa
Mbukwenyi barua itawaunganisha kweli, ila dhidi ya mfawidhi. Mimi mkuu wa shule, kila jukumu niliweka wawili, mkongwe na mgeni, stoo, taaluma, mpaka ratiba ya mitihani, wakabishana karibu muhula mzima nikawaacha, ila kitu kikiharibika wanakuja wote wawili kunieleza, hakuna kuja mmoja mmoja. Halafu mkuu, hao wakongwe ulishawauliza kituo kilikuwa kinaendaje kabla hujaja?

Mfawidhi Mpya
Mwalimu, sijawauliza, kiukweli nilifika na mipango yangu. Mama, nimetoka kufungua rosta za miezi mitatu muda huu, vijana wawili wamelala wikiendi 9 kati ya 13, na chini kuna sahihi yangu, nilikuwa nasaini bila kusoma. Kesho kwenye ripoti ya asubuhi naanza na hilo, nawaomba radhi, alafu rosta ya mwezi ujao wakae wapange wenyewe mbele yangu. Funguo ya pili ya friji nachongesha mjini Ijumaa. Mungu awabariki sana.