Monty Python: bado wanachekesha, au ni kumbukumbu zetu tu?

MzeeWaKanda
Wakuu, salaam. Juzi nilikaa na mwanangu wa miaka 19 tukatazama vipande vya Monty Python, kile kikundi cha vichekesho cha Uingereza. Mimi niliviona mara ya kwanza kwenye kanda za video, nilipofika Uingereza kusoma. Baba mwenye nyumba alikuwa nazo rafu nzima. Usiku wa kwanza nilicheka mpaka nikashuka kwenye kiti, nimeshika mbavu.

Mwanangu katazama dakika kumi, kaniuliza, "Baba, mbona haviishi? Mwisho wake uko wapi?"

Na hapo ndipo penyewe! Kabla yao kila kipande kilitakiwa kuishia kwenye neno la kufungia, watu wapige makofi. Hawa watu sita wakalitupa neno lile. Mchezo ukiwa katikati anaingia ofisa wa jeshi, anasema basi, huu umekuwa upuuzi, hebu tuone kingine. Au mguu mkubwa unashuka kutoka juu na kukandamiza kila kitu. Walianza 5 Oktoba 1969 pale BBC, wakamaliza 1974, vipindi 45. Mimi nasema hakuna waliofungua mlango mpana kuliko wao. Ninyi mnaonaje? Bado wanachekesha?

Chura Kisimani
Tuwe wakweli. Mnaoishi huko mnacheka kwa sababu Mzungu amecheka. Wale wote ni watoto wa Oxford wanaowatania wenzao wa Oxford. Mzee Majuto alikuwa akitokea tu mlangoni, hajafungua mdomo, sebule nzima iko chini. Hicho ndicho kipaji, hakihitaji maelezo.

MzeeWaKanda
Chura, ndugu yangu, kataa utakalo ila usiniambie nacheka kwa niaba ya mtu. Nimeishi huku miaka mingi, nimezika rafiki zangu huku, kicheko changu ni changu.

Halafu Oxford ni wawili tu, Michael Palin na Terry Jones. John Cleese, Graham Chapman na Eric Idle walisoma Cambridge, na Chapman alihitimu udaktari wa binadamu kabisa. Wa sita, Terry Gilliam, aliyetengeneza zile katuni na ule mguu, ni mzaliwa wa Marekani, jimbo la Minnesota.

Majuto nampenda kama wewe, Mungu amrehemu. Lakini chukua kipande cha kasuku. Mteja (Cleese) anarudi dukani na kasuku aliyemnunua hata nusu saa haijapita. Kasuku amefariki. Muuza duka (Palin) anashikilia kwamba amepumzika tu. Mteja anampigia kelele ndege sikioni, anamtoa kwenye tundu, anamgonga kichwa kaunta, anamrusha juu, ndege anaanguka sakafuni pu! Muuza duka hajatetereka: "Umemzubaisha." Kumbe hata pale kwenye kijiti alikuwa amesimama kwa sababu amepigiliwa misumari miguuni. Nani kwetu hajawahi kuuziwa kitu kibovu, akarudi, akaambiwa kiko sawa, wewe ndiye hujui kukitumia? Hilo linahitaji Cambridge?

Binti Pemba
Kaka samahani, hadithi ni nzuri ila nimekwama hapo uliposema "kasuku amefariki". Ndege hafariki. Ndege anakufa. Kufariki ni kwa binadamu. Tukianza kuvuruga haya, watoto wetu watasema mbuzi ameaga dunia.

FundiRedio
Bi Pemba, kwa heshima zote, kufariki asili yake ni Kiarabu, maana yake kutengana. Roho imetengana na mwili. Kasuku hana roho?

Binti Pemba
Asili ya neno ni kitu kimoja, matumizi ni kingine. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, akiachwa ni mzoga. Binadamu ni maiti, ni marehemu. Nimelelewa na bibi aliyenikanya kwa kusema "mzee fulani amekufa" mbele za watu. Alinirudisha chumbani nikajifunze kusema upya. Kwangu hilo si jambo dogo.

msimbo_254
Kuna jambo watu wengi hawajui. Hii Python tunayoandikia programu kila siku haikupewa jina la chatu. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeibuni, alikuwa akisoma maandiko ya kipindi hicho alipotafuta jina. Hata "spam", ile barua pepe ya takataka, inatoka kwao: kuna kipande cha mgahawa ambapo karibu kila chakula kina ile nyama ya kopo, na neno linarudiwa mpaka hakuna anayeweza kuzungumza. Kwa hivyo kusema wamesahaulika si kweli. Mimi nilizaliwa baada yao na ninawataja kila siku kazini.

Chura Kisimani
msimbo, mkuu, tuko kwenye kufariki. Bi Pemba yuko sahihi kabisa. Mswahili ana ngazi: ndege anakufa, jirani anafariki, mkubwa anatutoka, mcha Mungu anatangulia mbele ya haki. Ukitaka kumkera mtu unasema amedanja. Mzee anatuletea kasuku wa Kiingereza kisha anampandisha ngazi zetu.

MzeeWaKanda
Chura, umekisema chenyewe bila kujua! Huo ndio uhondo wa kile kipande. Mteja anaanza na neno la kawaida, amekufa. Muuza duka anakataa. Basi mteja anapanda ngazi hiyohiyo: ameaga, hayuko nasi tena, amekwenda kuonana na Muumba wake, mpaka anamaliza maneno yote ya msibani juu ya ndege aliyepigiliwa misumari. Mimi niliposema "amefariki" sikukosea, nilikuwa nimeshika ngazi ya pili. Mtu akikitafsiri vizuri, kwa Kiswahili kitachekesha kuliko kwa Kiingereza, maana ngazi zetu ni nyingi na kila mmoja wetu anajua aliyekosea amekosea wapi. Bi Pemba angekuwa wa kwanza kuanguka kwa kicheko.

Binti Pemba
Nisingeanguka. Kifo si cha kuchezea, hata kwa ndege.

MzeeWaKanda
Basi nikueleze jingine, dada yangu, uamue mwenyewe. Chapman alifariki kwa saratani 4 Oktoba 1989, akiwa na miaka 48. Siku iliyofuata kipindi kilikuwa kinatimiza miaka 20. Kwenye ibada ya kumkumbuka, Cleese akasimama mbele ya wafiwa akaanza kumsomea rafiki yake yaleyale maneno ya kasuku, moja baada ya jingine. Mle ukumbini wote waliyajua. Na yalikuwa maneno ya wawili hao, maana kile kipande waliandika Cleese na Chapman pamoja. Kisha akasema Chapman asingemsamehe kama angeipoteza nafasi ile ya kuwashtua wote kwa niaba yake, akatamka tusi zito pale pale. Watu walicheka na wanalia. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara koo linanibana.

Binti Pemba
Tusi? Msibani? Mbele ya ndugu wa marehemu? Hapana. Kwetu maiti husitiriwa, huombewa dua. Mnaniambia huo ndio ustaarabu wa kuigwa?

FundiRedio
Hakuna aliyesema wa kuigwa.

Binti Pemba
Kaka kasema koo linambana. Mtu habanwi koo na asichokipenda.

Mhehe Halisi
Nimewasoma tangu mwanzo kimya kimya. Hao Monty Python sijawahi kuwaona, ila suala la kucheka msibani ni letu, msilipeleke Uingereza. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana vita vikali, baadaye ikabaki utani. Mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, anaweza kuingia kaburini akalala humo akidai chake, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika.

Babu yangu alipofariki (naam Bi Pemba, alifariki), asubuhi yote nyumba ilikuwa nzito. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, hajasema neno tangu usiku, maji hataki, uji hataki. Wanawake wakimwimbia, anatazama ukuta. Akaja mama mmoja wa Kingoni, mtani wetu. Akaingia chumbani kwa babu bila kuuliza, akatoka amevaa koti la babu, kofia ya babu, fimbo mkononi. Babu alikuwa akichechemea tangu ujana. Yule mama akakata ua wote akiuburuta mguu wa kushoto, akisimama kila hatua tatu kukohoa kile kikohozi cha babu, akimdai kila mwombolezaji kuku wake. Akafika kwenye jeneza akaligonga kwa fimbo: "Mhehe, amka, deni langu!"

Hakuna aliyeona tumevunjiwa heshima.

msimbo_254
Kuna kipande chao cha wizara nzima ya kutembea vibaya. Cleese na miguu yake mirefu, kofia, mkoba mkononi. Sasa ndicho ninachokiona hapo uani kwenu.

Chura Kisimani
Huyo mama wa Kingoni anamshinda Cleese. Hajalipwa na BBC, hajasoma Cambridge.

MzeeWaKanda
Chura, kwa hilo sikubishii hata kidogo.

Binti Pemba
Mhehe, kwetu hilo lisingewezekana, na sitasema ni zuri. Lakini nataka kujua. Bibi alifanyaje?

Mhehe Halisi
Alimtazama mpaka amemaliza ua. Kisha akasema, "Mguu wenyewe ni wa kulia." Akacheka, akaanza kulia kwa sauti, akaomba maji.