Msaada wakuu: The Wall, Tommy au American Idiot, ninunue ipi?

Kuchele Boy:
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, nataka kununua albamu moja ya roki, ile inayobeba kisa kimoja kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimechuja nimebaki na tatu: The Wall ya Pink Floyd, Tommy ya The Who na American Idiot ya Green Day. Hela ya korosho imeingia nataka niagize wiki hii hii. Ipi kali?

Fundi Spika Lindi:
Mkuu mbona umeacha vya msingi? Santuri au CD? Mashine ya kupigia unayo? Bajeti je? Na unanunua ya nini, ya kusikiliza mwenyewe geto au zawadi? Tutajie tukushauri vizuri.

Mzee wa Mikindani:
The Wall. Ilitoka Novemba 1979, diski mbili. Roger Waters, mpiga besi wa Pink Floyd, alikuwa Montreal, Kanada, mwaka 1977 anapiga kwenye uwanja mkubwa, mshabiki mmoja akamkera mpaka akamtemea mate, baadae akajishtukia mwenyewe kafikaje huko, ndo likazaliwa wazo la ukuta kati ya msanii na watu wake. Baba yake alikufa vitani Italia mwaka 1944 yeye bado mtoto mchanga, na hilo nalo limo ndani. Mnaosema roki ni kelele kaeni muisikilize hii mpaka mwisho.

Binti Newala:
Shikamoo mzee. Kwa heshima yako mimi nasema Tommy, hiyo ya 1969, miaka kumi kabla. Kijana haoni, hasikii, hasemi, halafu anakuwa bingwa wa pinball, ule mchezo wa mashine ya kupiga kigololo. Wapo waliosema ni karaha kumfanyia wimbo mtoto aliyeumia vile, lakini Pete Townshend, mpiga gitaa na mtunzi wa The Who, alikuwa anaulizia kitu kizito, mtu aliyefungwa ndani ya nafsi yake anatokaje? Wakaipiga kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka huo huo. Na ule wimbo wa pinball uliongezwa mwishoni mwishoni kwa sababu mwandishi mmoja wa magazeti, Nik Cohn, alikuwa anaupenda sana mchezo huo na wao walitaka albamu imkae vizuri. Leo ndo wimbo unaojulikana kuliko yote humo.

Mzee wa Mikindani:
Marahaba binti. Sasa hapo si umenisaidia mimi? Kisa kinachobadilishwa ili kumfurahisha mwandishi wa gazeti hicho ni kisa kweli?

Binti Newala:
Mzee, hata hiyo The Wall bila prodyuza Bob Ezrin kukaa usiku akaandika mpangilio wa kurasa 40, nyimbo za Waters zilikuwa hazijashikana. Kila kisa kina mtu wa kukinyoosha.

Masasi Moja:
Kabla hujaagiza chochote soma hii. Mimi niliagiza The Wall ya santuri kwa muuzaji mmoja wa Dar, picha safi, maelezo matamu, nikatuma hela. Ilikuwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara Somanga, basi limekwama, mzigo uko kwenye buti na joto lile, kila nikipiga simu naambiwa "kesho kaka". Umefika, nafungua, santuri imepinda, ukiiweka sindano inapanda inashuka, sauti inayumba. Hilo ningevumilia. Kuchungulia ndani, diski ya pili hamna! Ni ganda la diski mbili lenye diski moja. Nampigia muuzaji anasema ndivyo alivyoipokea, namuuliza sasa kwa nini hukusema, akakata simu na namba yangu akaiblock. Yaani kisa cha ukuta kwangu kinaishia katikati, wimbo wa Comfortably Numb wote uko kwenye hiyo diski isiyokuwepo. Chukua CD, na umwambie akutumie video anaihesabu mbele yako.

Fundi Spika Lindi:
Pole sana Masasi. Na huku pwani hata ikifika nzima ukungu unaitafuta. Iweke wima, mbali na ukuta unaotoka jasho, usiipangie chini ya kitanda. Kuchele Boy uko wapi? Hujajibu hata moja.

Kuchele Boy:
Nipo wakuu, mtandao ulisumbua. Ni hivi, tuna bendi ya vijana wanne, tunataka kutengeneza albamu ya kisa kimoja, sasa tunataka tuwe na moja ya kujifunzia, tuisikilize pamoja tukijadili.

Fundi Spika Lindi:
Sasa SI UNGESEMA mwanzo! Hapo jibu linabadilika kabisa. Chukua American Idiot. Wale ni watu watatu tu, gitaa, besi, drams. Mikanda ya albamu waliyokuwa wanaimaliza ikapotea, wakaamua wasiirudie, waanze upya na kisa cha kijana wa kitongoji, ikatoka 2004 ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki. Kuna wimbo humo una vipande vitano, zaidi ya dakika tisa, na bado watu walinunua. Kwa bendi ndogo hiyo ndo shule. The Wall ina okestra na kwaya ya watoto, mtaipata wapi Mtwara?

Mzee wa Mikindani:
Kwaya ya watoto Mtwara ikosekane? Makanisa na madrasa zote hizi? Ile kwaya yenyewe ilikuwa ya watoto wa shule ya jirani na studio yao, Islington, London. Wimbo ule wa kwaya, Another Brick in the Wall, mwaka 1980 wanafunzi weusi wa Afrika Kusini waliutumia kupinga elimu waliyokuwa wanapewa, makaburu wakaupiga marufuku. Nionyeshe American Idiot ilifika wapi Afrika.

Masasi Moja:
Ila vijana wajue kilichotokea ndani ya Pink Floyd pia. Richard Wright wa kinanda alitolewa kwenye bendi wakati wanarekodi, kwenye maonyesho akarudi kama mwajiriwa wa mshahara. Maonyesho yakala hela kwa sababu walikuwa wanajenga ukuta jukwaani kila usiku, waliobaki wakapata hasara, yeye ndo akatoka na chochote. Kaeni mkubaliane mambo ya hela mapema, kabla ya kuandika hata beti moja.

Dogo wa Shangani:
Wakuu mbona hakuna aliyemtaja mtu wetu, Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa Zanzibar 1946. Albamu yao Queen II ina upande mweupe na upande mweusi.

Binti Newala:
Dogo, nzuri sana ile lakini pande mbili sio kisa. Hakuna mhusika unayemfuata.

Dogo wa Shangani:
Kwani lazima mhusika? Hisia moja haitoshi? Naomba tujadili hili.

Mzee wa Mikindani:
Kuchele Boy, kijana wangu, hicho kisa chenu ni cha nini? Maana huku kusini hatuna upungufu. Vita ya Majimaji, 1905, ilianzia Umatumbini hapo juu ya Kilwa, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia utenzi mzima. Huo utenzi ndo albamu ya kisa kimoja iliyoandikwa kabla ya gitaa. Mngeanzia hapo.

Kuchele Boy:
Mzee umenigusa. Tulikuwa tunafikiria kisa cha kijana anayeondoka Tandahimba kwenda Dar, ila hii ya Majimaji naipeleka kwa wenzangu.

Fundi Spika Lindi:
Bado hujasema bajeti wala kama una mashine.

Masasi Moja:
CD jamani, CD.

Binti Newala:
Hicho cha Tandahimba msikitupe, vijana wangapi tunawajua wamepita njia hiyo. Mna mpiga kinanda? Nakuja Mtwara mwisho wa mwezi, kinanda ninacho, mazoezi mnafanyia wapi?