Naomba ushauri: simu ya kwenye programu iite kwa sekunde ngapi?

Habari zenu wakuu. Natengeneza programu ya kutumiana ujumbe na kupigiana simu kwa intaneti, nimekwama kwenye muda wa mlio.

Mwanzo niliweka sekunde 30. Jumapili nikaijaribu kwa mama, yuko Muheza. Simu ilikuwa kwenye chaji chumbani, yeye yuko uani anakuna nazi. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua fimbo maana goti linamsumbua, anafika mlangoni, kimya. Iliniuma sana. Kuangalia kumbukumbu za seva, nikakuta sekunde 9 zililiwa na mtandao kabla simu yake haijaanza kuita, kwa sababu hesabu inaanza pale mpigaji anapobonyeza. Kwake iliita sekunde 21 tu!

Nikapandisha hadi 60, likazuka lingine. Mpigaji akikata na taarifa ya kukata ikachelewa, simu ya mpokeaji inaendelea kuita bure. Anapokea, hakuna mtu. Kwenye Android naweza kuipa arifa muda wa kujiondoa yenyewe, lakini kwenye iPhone kukata ni jukumu la programu yangu.

Nafikiria 45, zihesabiwe tangu simu ya mpokeaji inapoanza kuita, na mwenye simu aweze kuongeza kwenye mipangilio. Wenye uzoefu, ninyi mnaanza kuhesabu wapi? Na mpigaji aambiwe lini kwamba kwa mwenzake bado haijaita?