Masika Arusha: picha inakatika, siku za kifurushi zinaendelea kuliwa!

Wakuu, nimechoka. Wingu likishuka kutoka Mlima Meru, mvua ikaanza kumwagika, picha ya TV ya dishi inaganda vipande vipande, kisha kioo kinaandika hakuna mawimbi. Ukipiga huduma kwa wateja: "Ni hali ya hewa dada, subiri mvua ipungue." Kila masika jibu ni hilo hilo!

Sibishi kwamba mvua inakula mawimbi. Haya madishi madogo yanapokea bendi ya Ku, gigahezi 11 hadi 12 hivi, urefu wa wimbi kama sentimita 2.5. Matone manene ya mvua zetu yanalifyonza na kulitawanya. Masafa yakipanda, hasara inaongezeka. Ndiyo maana yale madishi ya futi sita ya bendi ya C, gigahezi 4, mvua hiyo hiyo haiyatishi sana. Mawimbi yametoka kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, yanakuja kumalizwa kwenye kilomita chache za mwisho! Yakipotea desibeli 10, umebakiwa na sehemu moja ya kumi ya nguvu.

Lakini wanaotuuzia wanayajua haya yote. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ina mapendekezo ya kukokotoa hasara ya mvua kwa kila eneo duniani. Sasa kwa nini mtu wa mteremko wa Meru afungiwe dishi la sentimita 60, wakati la 90 linakusanya mawimbi mara 2.25 ya hilo? Na fundi analenga siku ya jua kali, picha ikitokea tu anakusanya spana zake anaondoka. Hapimi ubora wa mawimbi, hatafuti pale mawimbi yanapokuwa na nguvu zaidi. Ile akiba ya kuvumilia mvua imeshapotea kabla hata tone halijadondoka. Enzi za analojia ungeona chenga lakini taarifa ya habari unaisikia. Digitali ikishuka chini ya kiwango, kwisha.

Tena sikilizeni: mvua kubwa ikikata kwa muda mfupi, naelewa. Manyunyu yakikata, hapo dishi limelengwa vibaya au ni dogo, wasitudanganye.

Nataka waje wapime upya bila kutudai hela ya fundi, na siku zilizopotea zirudishwe kwenye kifurushi. Wadau wa Sakina, Ngaramtoni, Tengeru, nyie mmefungiwa dishi la ukubwa gani? Kuna aliyewahi kurudishiwa hata siku moja?