Mayai ya barabarani: tuhamie sokoni au tuachwe na meza zetu?

MLETA MADA
Mwangaluka wakuu. Nina kuku wa mayai 120 na meza moja pembeni ya barabara ya Musoma, nje kidogo ya Mwanza. Mezani kuna trei za mayai, chupa tatu nne za samli, michembe na matobolwa anayotengeneza mama mkwe, na msimu wa karanga naweka za kusaga. Wiki iliyopita limepita gari na kipaza sauti: wenye meza wote wa barabarani wahamie sokoni kabla mwezi haujaisha. Nimelileta hapa tujadili, maana naona tumetiwa kapu moja na watu ambao biashara yao si yetu.

Machinga ananunua mzigo, anafuata watu walipo. Mimi nauza kilichotoka nyuma ya nyumba yangu. Kutoka mezani hadi bandani ni hatua arobaini, nimezihesabu. Mteja akiwa na shaka namfungulia geti akawaone kuku kwa macho yake. Nikishinda sokoni, nani atawapa maji saa nane mchana? Nani atakusanya mayai? Yai likikaa sana bandani linadonolewa, na kuku akishaonja utamu wa yai hana dawa tena ila kisu.

Hesabu yenyewe hii hapa. Kuku 120 wanakula kilo 14 hivi kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 haumalizi siku nne. Siku nzuri naokota trei tatu. Mchuuzi anazichukua kwa 7,000, tena mali kauli, hela inakuja akijisikia. Mezani naiuza 9,000, taslimu. Hiyo 6,000 ya tofauti kwa siku ndiyo inayonifanya niendelee kufuga.

Hoja yangu: anayeuza alichokifuga au alichokitengeneza mwenyewe, mlangoni pake, asihesabiwe machinga. Niambieni nimekosea wapi.

MWENYE KIZIMBA SOKONI
Dada yangu, pole kwa kipaza sauti, lakini sikuungi mkono. Mimi nalipia kizimba, nalipa ushuru, nachangia mlinzi na taka, hata choo nalipia. Mayai nauza kama yako. Mteja anayetoka Magu akifika kwangu anakuwa tayari ana trei kwenye buti.

Na hii hadithi tumeisikia mno mji huu. 2016 machinga waliondolewa katikati ya Mwanza, Rais Magufuli akaagiza waachwe. 2018 vikaja vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000. 2021 Rais Samia akaelekeza wapangwe upya. Muda wote huo sisi wa vizimba tunalipa tu. Leo wewe unataka kundi jingine, "mfugaji wa mlangoni". Sawa, nani atakwenda kuhesabu kuku? Nitakuta mtu ana trei hamsini mezani na nyuma ya kibanda majogoo wawili wanawika.

DEREVA WA ROLI
Mnabishana ushuru, mimi nazungumzia roho za watu. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, maana yake mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami. Zile X nyekundu mnazoziona kwenye kuta za nyumba zilizoingia hifadhi, za kubomolewa, hazikuchorwa kwa urembo. Mleta mada, meza yako iko mita ngapi?

Tena tatizo si meza, ni sisi wateja. Mtu yuko spidi 80, kaona trei, kakanyaga breki bila kuwasha indiketa. Nyuma yake kuna bodaboda amepakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja. Mimi nina tani 30 mgongoni. Nimeshaiona barabara imejaa viini vya mayai na kiatu kimoja cha mtoto, sitaki kuelezea zaidi.

MLETA MADA
Mkuu, nimetoka na kamba kwenda kupima. Mita 11 kutoka katikati ya lami. Sina utetezi.

MCHANGIAJI KUTOKA TANGA
Naomba kuuliza nje ya mada, michembe ndiyo nini?

MLETA MADA
Viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi. Matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vinaanikwa. Ukija Usukumani usiondoke bila kula matobolwa na karanga.

MKAZI WA KIGONGO
Nawasoma nacheka kwa uchungu. Sisi hapa Kigongo, kando ya Ziwa Victoria, tuliishi kwa foleni ya kivuko. Magari yanasubiri zamu, watu wana njaa, unapita dirishani na ndoo ya mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye kimfuko, kabla kivuko hakijarudi kutoka Busisi ng'ambo ndoo tupu. Tarehe 19 Juni 2025 daraja likafunguliwa, kama kilomita tatu, zuri, silisemi vibaya, wajawazito wangapi walikuwa wanakwama hapa. Ila siku ile ile foleni ikafa, na ndoo ikafa nayo. Gari halina sababu ya kusimama.

Ndiyo maana ukimwambia muuza mayai "nenda sokoni" unakuwa hujaielewa biashara. Wateja wetu ni watu wa njiani. Huyu anayepita kwenda Bunda au Sengerema hataingia sokoni kutafuta trei moja. Watupe sehemu ya magari kuegesha, yenye kivuli na choo, kila baada ya kilomita kadhaa. Kodi tutalipa.

MTAALAMU WA MIFUGO
Mmeacha mlaji. Mleta mada, mayai yako yanapigwa jua saa ngapi? Yai lililorutubishwa, yaani la kuku anayekaa na jogoo, likipata joto la Mwanza la mchana linaanza kukua ndani. Unalivunja unakuta mishipa ya damu. La kuku asiye na jogoo linastahimili zaidi, nalo likishinda juani wiki nzima linakwisha. Limulike kwa tochi ya simu gizani: uwazi wa hewa kwenye upande mnene wa yai ukiwa mkubwa, yai la zamani. Au tia kwenye maji. Jipya linalala chini, la siku nyingi linasimama, linaloelea usilivunjie jikoni.

Pia msiyaoshe ili yang'ae. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, ukiuosha umefungua mlango. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu.

Kubwa kuliko yote ni dawa. Kuku wakiumwa mnawawekea antibayotiki kwenye maji, na jioni mayai yako mezani. Pakiti imeandika siku za kusubiri kabla ya kuuza. Wangapi hapa wanazisubiri? Hili silioni likitatuliwa na soko wala barabara, maana mayai ya kizimbani nayo yametoka kwenye mabanda hayo hayo.

MNUNUZI
Mimi niliuziwa "kienyeji" 500 kwa yai, kufika nyumbani naloweka, maji yakawa rangi ya chai. Majani ya chai wakuu! Kuanzia hapo nanunua dukani.

MLETA MADA
Wapo, na wanatuharibia. Lakini ukijua hili hawakupati: rangi ya ganda inaletwa na aina ya kuku. Kuna kuku wa kisasa wanaotaga mayai ya kahawia. Na kiini cha njano kinatokana na chakula, nikiwapa mchicha na mahindi ya njano kiini kinawaka. Mimi siandiki kienyeji. Naandika tarehe kwa penseli juu ya kila yai, kazi ya mwanangu akitoka shule, saba zake zinafanana na moja.

Mwaka jana mama mmoja alirudi na mayai manne yaliyooza, akayapanga mezani mbele ya wateja bila kusema neno. Nikamrudishia trei nzima. Ni mayai niliyookota kichakani, kuku walitoroka bandani nikadhani ni ya juzi. Angenunua dukani angemrudishia nani? Mwenye duka naye hajui yametoka wapi.

MWENYE KIZIMBA SOKONI
Hapo kwenye uso wa muuzaji nakubali. Ila samli dada? Tangu 2019 usimamizi wa vyakula umetoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, umekwenda TBS, shirika la viwango. Mwenzako mwenye karanga za kusaga hapa sokoni alipita SIDO, shirika la viwanda vidogo, akafundishwa, akahangaika na TBS hadi akapata alama. Wewe unajaza samli kwenye chupa za maji ulizookota wapi?

MLETA MADA
Siokoti, nanunua kwa watoto wanaozikusanya, na nikiandika hivi naona mwenyewe halikai vizuri. Samli naitoa mezani mpaka nipate vyombo vipya na nikaulize SIDO. Yai lina ganda lake, samli haina.

Meza nairudisha nyuma ya mita 30, ambapo ni ndani ya ua wangu kabisa. Nimeongea na jirani, ana uwazi mbele ya nyumba unaotosha magari mawili kuegesha nje ya lami, anataka 1,000 kwa siku. Barabarani nitaacha kibao tu, tena nitauliza kwanza kama nacho kinaruhusiwa. Lakini sokoni siendi. Na ushuru nitatoa, ila wautoze kwa trei iliyouzwa. Kuku wakinyonyoka manyoya hawatagi wiki kadhaa, siku hizo ninunue risiti ya nini?

MWENYE KIZIMBA SOKONI
Na mimi mvua ikinyesha wiki nzima siuzi, kizimba nalipa vilevile. Ukikubaliwa hilo la kulipia kilichouzwa, niambie tuandike barua pamoja.