Shimo la lifti kwenye gesti ya ghorofa mbili, jipsam inatosha?

Mgosi_Chumbageni: Wakuu habari za mchana. Nina gesti hapa Tanga, chini na ghorofa mbili, nataka niweke kalifti kadogo maana wateja wazee ngazi zinawatesa. Fundi wa lifti kasema yeye anafunga mashine tu, shimo juu yangu, na huyu wa ujenzi nae anataka apige fremu za bati na jipsam ya siling ili kuwe kwepesi na bei ishuke. Jamaa mmoja ananiambia zimamoto watagoma. Kwani mle ndani kuna moto gani, si kamba na waya tu?

Pwani_Site: Mgosi, moto hauanzii mle, unapitia mle. Shimo ni dohani, jiko la chini likiwaka moshi unakuta tundu limenyooka hadi juu, mgeni wa juu anavuta moshi hata kelele hajasikia. Hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas mwaka 1980 moto uliwaka chini, wakafa watu 85, wengi wao walikuwa ghorofa za juu na kilichowaua ni moshi uliopanda kwa ngazi na mashimo ya lifti. Kanuni za ujenzi za Marekani (IBC) zinasema shimo linalounganisha floo chini ya nne kuta zihimili moto saa 1, kuanzia nne ni saa 2, na besimenti inahesabiwa. Yako ni floo tatu. Tofali la zege la inchi 6 lisilo na matundu, plasta pande zote, saa 1 unavuka bila presha. Jipsam ya kuhimili moto ipo ila sio hiyo ya siling, na inafungwa kwa mfumo wake uliopimwa, sio fundi anajibunia tu.

mama_ramani: Watu wanakomaa na ukuta wanasahau milango!! Ukuta wa saa 1 na mlango wa bati jepesi ni kazi bure, mwambie muuzaji alete cheti cha mlango kupimwa moto. Na usipitishe bomba la maji machafu mle shimoni, pvc ikiyeyuka inaacha tundu.

Mgosi_Chumbageni: Na uzito je? Slabu ishamwagwa.

mama_ramani: Tofali lianzie chini kwenye msingi wake, usilipandishe juu ya slabu. Kukata hiyo slabu ni kazi ya injinia, na ramani ipite zimamoto kabla hujachimba piti (kile kishimo cha ardhini chini ya lifti).

Mgosi_Chumbageni: Shukrani. Fundi nimemtumia yote haya, kajibu "sawa bosi" na bei mpya 😂 Tofali inchi 6 kwa sasa Tanga mjini zinaendaje?