Mrejesho: dola mkononi au kwenye simu?

Aksanteni wote mulionijibu. Niliuliza nilipwe vipi kwa kazi ya muda, kuvuta umeme kwenye depo moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi: dola mkononi, benki au M-Pesa. Nimechukua M-Pesa, upande wa dola, si wa faranga, nusu kabla ya kuanza, nusu siku ya kukabidhi. Makato ya kutoa tumeyaandika kwenye mkataba, anayabeba mwenye depo. Hapo alinuna kidogo, lakini akasaini. Benki nimeiacha, kwa kazi fupi hivi sioni faida. Na aliyenionya kwamba noti za dola zilizopasuka zinakataliwa alisema kweli: pesa ya vifaa nilipewa mkononi, humo noti ya dola ishirini yenye mpasuko mdogo pembeni. Muuza nyaya aliigeuzageuza, akanirudishia. Nusu ya kwanza imeshaingia.